Nimedhamiria kuwa wakala wa wanamichezo: je, leseni ndiyo sehemu ngumu, au ugumu unaanza baada yake?

#1 Msaka Njia
Salaam wakuu. Nina shahada ya biashara, ninafuatilia soka na mpira wa kikapu kwa karibu, na kwa sasa ninasomea mtihani wa mawakala wa FIFA. Ninaweka dai langu hapa ili lipimwe na wanaojua: uwakala ni taaluma kama taaluma nyingine, kwa hiyo mtu akizielewa kanuni vizuri, akafaulu mtihani na kupata leseni, ameshavuka sehemu ngumu kuliko zote, na yaliyobaki ni bidii yake. Kila ninayemweleza mpango huu ananikatisha tamaa, lakini kila mmoja kwa sababu tofauti na ya mwenzake. Waliomo ndani ya kazi hii watueleze: wakala hufanya nini hasa, ataanzia wapi, na kwa nini wengi wenye leseni hatuwasikii tena?

#2 Mwenye Leseni
Karibu. Mimi ninayo leseni, na ninaomba nianze na hilo la mtihani ili tulimalize. Mtihani una maswali 20 ya kuchagua majibu, unapewa dakika 60, na unafaulu ukipata asilimia 75, yaani maswali 15. Unafanywa kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania, na maandishi ya kujisomea yanatolewa na FIFA yenyewe bila malipo. Usiudharau kwa sababu ya ufupi wake, kwani katika mtihani wa kwanza wa Aprili 2023 waliofaulu walikuwa nusu tu na kidogo zaidi. Maswali yanahitaji uhesabu fidia ya mafunzo na mgawo wa mshikamano (fedha zinazolipwa klabu zilizomlea mchezaji), na yanahitaji ujue mchezaji wa chini ya umri anaruhusiwa kuhama katika mazingira gani.

Lakini nikujibu dai lako: hapana, mtihani si sehemu ngumu. Ukishafaulu unalipa ada ya leseni ya dola 600 kila mwaka, na unatakiwa kuendelea na mafunzo ya kitaaluma ili leseni isisimamishwe. Wakati huo huo unasafiri kwa fedha zako kutazama mechi, unamnunulia kijana viatu, unamlipia vipimo vya goti, unamtafutia pa kulala anapokwenda majaribio. Kamisheni inakuja, kama itakuja, baada ya misimu kadhaa. Wenzangu niliofanya nao mtihani wengi wamerudi kwenye ajira zao za awali, na hakuna hata mmoja aliyerudi kwa sababu hakuzijua kanuni. Waliishiwa mtaji.

#3 Jicho la Pembeni
Fanya hesabu, mleta mada. Mchezaji anayelipwa dola 60,000 kwa mwaka, ukichukua asilimia 5, unapata dola 3,000. Anayelipwa zaidi ya dola 200,000 kiwango kinashuka hadi asilimia 3, kwa hiyo mwenye dola 300,000 anakupa dola 9,000 tu. Ndiyo kanuni mpya ya FIFA. Kwa fedha hiyo unahitaji wachezaji wangapi ili uishi?

#4 Wakili wa Mikataba
Ndugu Jicho la Pembeni, hoja yako ni nzuri, ila kuna mambo mawili ya kurekebisha. La kwanza, asilimia 3 inahusu kile kinachozidi dola 200,000, haihusu mshahara wote. Mwenye dola 300,000 atahesabiwa asilimia 5 ya 200,000, ambayo ni dola 10,000, kisha asilimia 3 ya 100,000 iliyozidi, ambayo ni dola 3,000. Jumla ni dola 13,000.

La pili ni kubwa zaidi. Kanuni hizo za mawakala ziliidhinishwa Desemba 2022 na zikaanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Oktoba 2023, lakini ukomo wa kamisheni ulipingwa mahakamani mara moja. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilizikubali kanuni Julai 2023. Mahakama ya Dortmund, Ujerumani, ilikuwa imeshazizuia Mei mwaka huo huo. Na jopo la usuluhishi nchini Uingereza likasema Novemba 2023 kwamba ukomo huo unakiuka sheria ya ushindani. Tarehe 30 Desemba 2023 FIFA ikasitisha duniani kote utekelezaji wa vifungu kadhaa, ukiwemo ukomo wa kamisheni na masharti ya nani amlipe wakala na lini. Ulazima wa leseni haukuguswa. Kwa hiyo anayeingia leo asiamini jedwali analoliona kwenye mitandao. Asome waraka wa karibuni wa FIFA pamoja na kanuni za shirikisho la nchi ambako mkataba utasainiwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na Mwenye Leseni. Wanaokwama, wengi wao, hukwama kwa kutojua. Nimeletewa mikataba iliyosainiwa mbele ya wakala mwenye leseni ambayo inaipa klabu haki ya kurefusha mkataba kwa uamuzi wake peke yake, kwa mshahara ule ule, na wakala hakuona tatizo. Nimeona mikataba ambayo bonasi imeandikwa bila kusema inalipwa lini. Wakala aliyemwingiza mchezaji kwenye mkataba wa namna hiyo atampoteza, na habari itasambaa chumba kizima cha kubadilishia nguo.

#5 Msaka Njia
Asante, Wakili. Basi unakubaliana nami kwamba elimu ndiyo msingi.

#6 Beki Mstaafu
Usifurahi mapema, mdogo wangu. Nimecheza soka la kulipwa katika nchi mbili na nimepitia mikono ya mawakala watatu, na sijawahi kumuuliza hata mmoja wao kama amefaulu kwa alama ngapi.

Wa kwanza alikuwa msomi kweli kweli. Alinipatia mkataba mzuri kwenye karatasi. Nilipoumia kano ya goti, simu yake ikaanza kupokelewa na msaidizi, kisha ikawa haipokelewi kabisa, na klabu ikaanza kunichelewesha mshahara kwa sababu iliona sina mtu wa kunisemea. Wa pili sitamzungumzia. Wa tatu alikuwa mtu wa kawaida, hakuwa mwepesi wa lugha za sheria, lakini alikuja hospitalini, akakaa na daktari wa klabu mpaka akaelewa ratiba ya kupona kwangu, na ndiye aliyeniunganisha na wakili aliyeandika barua iliyonifanya nilipwe. Huyo nilimpelekea wachezaji wenzangu wengi bila yeye kuniomba.

Mchezaji anachonunua kwa wakala ni uhakika kwamba kuna mtu yuko upande wake siku mambo yakiharibika. Wapo wenye leseni wasioweza kukupa hilo.

#7 Wakili wa Mikataba
Ndugu Beki Mstaafu, pole kwa uliyopitia, na ninakubali kwamba uaminifu hauna mbadala. Hata hivyo, tazama kilichokuokoa mwishoni: barua ya wakili. Ibara ya 14bis ya kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji inasema klabu isipolipa kinyume cha sheria angalau mishahara ya miezi miwili, mchezaji akaiandikia notisi ya kuidai na kuipa siku zisizopungua 15 ilipe lote, naye asilipwe, anakuwa na sababu ya haki ya kuuvunja mkataba. Wakala anayeijua ibara hiyo angeandika notisi ile siku ya kwanza inayoruhusiwa. Asiyeijua angebaki kukufariji.

#8 Beki Mstaafu
Kufarijiwa nako kulinisaidia, Wakili. Ninyi wa vitabuni mnakusahau.

#9 Karani wa Klabu
Habari zenu. Ninashughulikia usajili upande wa klabu, na ninaona nyote mmezungumza kana kwamba wakala ana mlango mmoja tu wa kuugonga, yaani mchezaji. Mlango wa pili ni sisi, na kwa maoni yangu wengi huanguka hapo.

Dirisha la usajili likikaribia, ninapokea ujumbe kutoka kwa watu nisiowajua kutwa nzima. Video za dakika tatu zenye muziki, mabao matupu, mpira mmoja mzuri kati ya hamsini, na maneno kwamba kijana huyu ni wa kipekee. Hakuna umri uliothibitishwa, hakuna tarehe ya mwisho wa mkataba wake wa sasa, hakuna historia ya majeraha, na mara nyingi hakuna hata uthibitisho kwamba anayeandika anamwakilisha kweli. Nikimpigia mchezaji mwenyewe, ninaambiwa wako watu wanne wanaodai hivyo hivyo. Mimi siwezi kumpelekea mkurugenzi wa ufundi jina la namna hiyo.

Wakala ninayempokelea simu usiku ni yule ambaye miaka ya nyuma aliniambia ukweli uliomgharimu. Aliwahi kunieleza kwamba mshambuliaji wake hafai kwenye mfumo wetu wa kucheza, akakosa kamisheni siku hiyo. Tangu hapo akisema kitu ninakisikiliza. Imani hiyo ya klabu haifundishwi kwenye mtihani, na wala haipatikani kwa mchezaji kukupenda.

Nikujibu pia swali la kazi ya siku hadi siku, Msaka Njia, maana naona limerukwa. Wakala mzuri anajua klabu ipi itahitaji beki wa kushoto msimu ujao kwa sababu anajua mkataba wa nani unaisha. Mchezaji akibakiza miezi sita au pungufu, kanuni zinamruhusu kusaini na klabu nyingine, na tangu hukumu ya Bosman ya Desemba 1995 kuondoka bure mkataba unapoisha ndiyo silaha kubwa ya mchezaji mezani. Kalenda ya mikataba, basi, ndiyo daftari lake la kwanza. Baada ya hapo anafuatilia kibali cha kazi, vipimo vya afya, akaunti ya benki, kodi ya nchi ngeni, nyumba, shule ya mtoto, na nyaraka zinazoingizwa kwenye mfumo wa uhamisho wa kimataifa, ambao bila ya kukamilika kwake kabla ya dirisha kufungwa mchezaji hachezi hata kama mmekwisha kupeana mikono.

#10 Kikapu Daima
Uzi mzuri huu. Mmejifungia kwenye soka, ila mleta mada ametaja kikapu pia. Huko Marekani anayetoa idhini ya uwakala ni chama cha wachezaji, kwa sababu wakala anafanya kazi kwa niaba ya watu ambao chama kinawawakilisha kisheria. Chama cha wachezaji wa NBA kinaweka ukomo wa asilimia 4 ya mshahara, cha NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, asilimia 3, na cha besiboli hakikuweka asilimia bali kinakataza kamisheni kuushusha mshahara wa mchezaji chini ya kima cha chini cha ligi. NFL ndiyo kali kuliko zote: wanataka shahada ya kwanza na ya juu zaidi, isipokuwa kwa mwenye uzoefu wa kutosha wa majadiliano, na ukikaa miaka mitatu bila kujadili mkataba hata mmoja idhini yako inaisha.

Kuhusu elimu, Rich Paul, wakala wa nyota wa NBA LeBron James, hakumaliza chuo kikuu. Alikuwa akiuza jezi za zamani alipokutana na LeBron James uwanja wa ndege mwaka 2002, akajifunza kazi ndani ya kampuni ya uwakala, kisha akaanzisha Klutch Sports mwaka 2012. Agosti 2019 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilitaka mawakala wanaowashauri wachezaji wa vyuo wawe na shahada, watu wakalalamika kwa nguvu, na ndani ya siku chache sharti hilo likalegezwa kwa mawakala ambao tayari wana idhini safi ya chama cha wachezaji.

#11 Msaka Njia
Kwa hiyo kwa Rich Paul kilichofanya kazi ni kumjua LeBron kabla hajawa mkubwa? Hiyo ni bahati, na bahati siwezi kuisomea.

#12 Kikapu Daima
Watu wengi walimjua LeBron akiwa kijana, na hawakuwa mawakala. Na kwa upande wa pili, wakala Scott Boras alicheza besiboli katika ligi za chini, akasomea famasia, kisha sheria, akajenga jina kwa maandalizi ya takwimu ambayo timu ziliyaogopa. Desemba 2024 alimpatia Juan Soto mkataba wa miaka 15 wenye thamani ya dola milioni 765 na New York Mets. Njia zao hazifanani hata kidogo.

#13 Mpenda Historia
Na kwenye soka, wakala Jorge Mendes alikuwa na duka la kukodisha video na klabu ya usiku kabla ya kumpeleka kipa Nuno Espírito Santo klabu ya Deportivo La Coruña. Wakala mwenzake Mino Raiola alikulia kwenye mgahawa wa familia yake Haarlem, Uholanzi. Kazi yenyewe, kama tunavyoijua, ilianza mwaka 1960 wakati wakili Mark McCormack alipopeana mkono na mcheza gofu Arnold Palmer na kuanzisha kampuni ya uwakala ya IMG. Yeye ndiye wakala wa kwanza wa michezo duniani.

#14 Kikapu Daima
Ndugu Mpenda Historia, jina ulilojichagulia linakudai zaidi ya hapo. Mwaka 1925 C. C. Pyle alishamwakilisha mchezaji wa futiboli ya Kimarekani Red Grange alipojiunga na Chicago Bears, akamjadilia mgawo wa mapato ya mlangoni na mikataba ya matangazo. McCormack alikuwa mkubwa kwa sababu aliifanya kazi hiyo kuwa kampuni na akaona kwamba jina la mchezaji linaweza kuuzwa hata wakati hachezi.

#15 Mpenda Historia
Pyle nimempokea, asante. Lakini hilo la mwisho ulilosema ndilo nililotaka lijadiliwe: je, fedha ya wakala iko kwenye mkataba wa klabu au kwenye matangazo?

#16 Riadha Kwanza
Inategemea mchezo. Kwenye tenisi, gofu na riadha hakuna klabu inayomlipa mchezaji mshahara, kwa hiyo wakala anaishi kwa udhamini wa viatu na mavazi, ada za kushiriki mashindano na sehemu ya zawadi. Mimi ninawahudumia wakimbiaji, na kazi yangu kubwa ni kuwashawishi waandaaji wa mbio wampe mwanariadha wangu nafasi kwenye orodha, kuhakikisha viza inatoka kwa wakati, na kukataa mashindano. Naam, kukataa. Mkimbiaji wa masafa marefu anayetumwa kila mwaliko unakotoka anachakaa haraka, na wakala anayelipwa kwa kila mbio ana kishawishi cha kumtuma.

Kuna jambo ambalo kwenye soka hamlitaji kwa uzito wake. Mwanariadha aliye kwenye orodha ya kupimwa dawa zilizopigwa marufuku lazima aeleze kila siku atakuwa wapi kwa dakika 60 maalumu, na makosa matatu ndani ya miezi 12 yanaweza kumfungia hadi miaka miwili hata kama hajawahi kumeza chochote. Wakala anaweza kumsaidia kujaza taarifa hizo, lakini adhabu inamwangukia mwanariadha. Nimeshuhudia mwanariadha akibadilishiwa ndege na mtu wa ofisi ya wakala wake bila taarifa kurekebishwa, na aliyehesabiwa kosa ni yeye. Anayetaka kazi hii ajiulize kama ni mtu wa kukumbuka mambo madogo ya watu wengine kila siku, mwaka mzima, bila kupongezwa.

#17 Jicho la Pembeni
Wakili, nashukuru kwa marekebisho ya #4. Nina swali juu ya haya ya Riadha Kwanza na Karani: wakala anaweza kulipwa na pande zote mbili? Kwenye ndondi naona mtu yule yule anamsimamia bondia na kuandaa pambano.

#18 Wakili wa Mikataba
Kwenye ndondi Marekani ilitunga sheria yenye jina la Muhammad Ali mwaka 2000 kwa sababu hiyo hasa, na inakataza promota kuwa na maslahi ya kifedha katika usimamizi wa bondia, na meneja katika upromota. Kwenye soka kanuni za FIFA zilitaka wakala aruhusiwe kuwakilisha pande mbili katika hali moja tu, mchezaji pamoja na klabu inayomchukua, tena kwa ridhaa ya maandishi ya wote wawili. Asiwe na mchezaji na klabu inayomwachia kwa wakati mmoja. Katazo hilo nalo limo katika vifungu vilivyositishwa Desemba 2023. Ushauri wangu haubadiliki: mwambie mteja wako kwa maandishi kila senti unayoipata na inakotoka, hata pale ambapo hakuna anayekulazimisha.

#19 Mchambuzi Huru
Wadau, mnajadili namna ya kuingia kwenye jengo ambalo wachezaji wanaanza kulihama. Aprili 2021 Kevin De Bruyne alisaini mkataba mpya na Manchester City bila wakala, akitumia wachambuzi wa takwimu walioonyesha mchango wake kwa timu. Mwaka 2023 Lamar Jackson wa NFL alipata mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 260 kutoka Baltimore Ravens bila wakala aliyeidhinishwa. Takwimu zikiwa wazi, thamani ya mchezaji inajulikana, na mtu wa kati anabaki bila kazi. Hiyo ndiyo sababu hamuwasikii wenye leseni wapya.

#20 Karani wa Klabu
Ndugu Mchambuzi, FIFA yenyewe iliripoti kwamba mwaka 2023 klabu zililipa mawakala dola milioni 888.1 katika uhamisho wa kimataifa pekee, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko miaka yote ya nyuma. Huo si mwenendo wa kazi inayokufa. De Bruyne alikuwa akijadili na klabu iliyokuwa inamtaka kwa kila hali, na mezani hakukaa peke yake, alikuwa na wakili. Mchezaji wa ligi ya daraja la pili ambaye hakuna klabu inayomjua hahitaji mtu wa kuthibitisha thamani yake. Anahitaji mtu wa kumfikisha mbele ya macho ya watu.

#21 Mchambuzi Huru
Jumla hiyo inakwenda kwa nani? Karani, wewe mwenyewe umesema unapokea simu za wachache unaowaamini. Fedha inaongezeka na inabaki kwenye ofisi zile zile. Hata Raiola alipofariki Aprili 2022, wateja wake wakubwa, Erling Haaland akiwemo, waliendelea na Rafaela Pimenta, wakili aliyekuwa mshirika wake kwa miaka mingi. Hawakwenda sokoni kutafuta wakala mpya.

#22 Mwenye Leseni
Hapo Mchambuzi amesema jambo linaloniuma na ni la kweli. Nilimlea kiungo tangu akiwa hana timu. Mkataba wetu ulikuwa wa miaka miwili, ambao ndio muda wa juu unaoruhusiwa kati ya wakala na mchezaji, na hauruhusiwi kujirefusha wenyewe. Miezi michache kabla haujaisha alifunga mabao mfululizo, kampuni kubwa ikamtumia mwaliko, na siku mkataba wetu ulipokwisha alisaini nao. Kisheria hakunikosea, wala simlaumu kijana. Ila ninataka Msaka Njia ajue kwamba kanuni ya miaka miwili inamlinda mchezaji asifungwe na wakala mbaya, na wakati huo huo inamwacha wakala mdogo bila kinga dhidi ya wakubwa.

#23 Beki Mstaafu
Ilinde miaka miwili hiyo kwa nguvu zote. Sisi tulifungwa na karatasi ambazo hatukujua zinaisha lini.

#24 Mama Winga
Nimesoma kuanzia juu na ninaomba mnisaidie, maana ninyi mnaangalia upande wa wakala na mimi niko upande wa mzazi. Mwanangu ana miaka 15. Wamekuja watu kadhaa. Mmoja ameniambia ana leseni na anataka tusaini sasa, na anaomba tulipie gharama za majaribio nje ya nchi. Mwingine hakudai chochote, ila anasema leseni si muhimu maana yeye ni mshauri wa familia tu. Nitamjuaje wa kweli?

#25 Wakili wa Mikataba
Mama, usisaini na yeyote kati ya hao wawili. FIFA ina orodha ya wazi ya mawakala wenye leseni, mtafute huyo wa kwanza kwa jina lake kamili. Hata akiwemo, haruhusiwi kumkaribia mtoto mapema kuliko miezi sita kabla ya umri ambao sheria ya nchi husika inamruhusu kusaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na lazima awe na ridhaa yako ya maandishi pamoja na mafunzo ya ziada ya kuwahudumia watoto. Tena, uhamisho wa kimataifa kabla ya miaka 18 umekatazwa isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, mojawapo ikiwa wazazi wamehamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusiana na mpira. Kwa hiyo muulize majaribio hayo yatamfikisha wapi. Wakala halipwi na mzazi kabla ya kazi. Analipwa kamisheni mkataba wa kulipwa ukishapatikana. Huyo anayejiita mshauri akianza kuzungumza na klabu kwa ajili ya mwanao, anafanya kazi ya uwakala, na anahitaji leseni.

#26 Mama Winga
Asante sana, Wakili. Nimeshamtafuta wa kwanza kwenye orodha. Hayumo.

#27 Karani wa Klabu
Mama, kaa karibu na kocha wa akademi yake na uhakikishe pasi ya mchezaji, yaani kumbukumbu ya klabu alizosajiliwa, inajazwa vizuri kila msimu. Siku akisaini mkataba wa kulipwa au akihama, klabu zilizomfundisha zitadai haki zao kutokana na kumbukumbu hizo, na kumbukumbu mbovu zimewahi kukwamisha usajili wa vijana.

#28 Msaka Njia
Nimesoma kila bandiko. Ninaomba nibadili swali badala ya kurudia dai. Mwenye Leseni anasema nitakwamishwa na mtaji, Wakili anasema elimu ya mikataba, Beki Mstaafu anasema utu kwa mchezaji, Karani anasema imani ya klabu, Mchambuzi anasema milango imeshafungwa na wakubwa. Nikiomba kazi ndani ya kampuni kubwa ya uwakala, nikaanza kama mchambuzi au skauti, si nitakuwa nimevitatua vyote kwa pamoja?

#29 Kikapu Daima
Ndivyo alivyofanya Rich Paul, na ndiyo njia ninayoipendekeza. Unalipwa mshahara huku ukijifunza, na unaona mikataba halisi.

#30 Wakili wa Mikataba
Ninaunga mkono, kwa tahadhari moja: kuajiriwa na kampuni hakukupi ruhusa ya uwakala. Leseni ni ya mtu binafsi, na mfanyakazi asiye nayo haruhusiwi hata kumkaribia mchezaji ili kumshawishi awe mteja. Kwa hiyo fanya mtihani kwanza au ukiwa humo. Kumbuka pia kwamba huwezi kuwa mwajiriwa wa klabu, ligi au shirikisho na kushika leseni kwa wakati mmoja.

#31 Mwenye Leseni
Mimi sikubaliani na njia hiyo kwa kila mtu. Ndani ya kampuni kubwa mchezaji ni mteja wa kampuni, na soma vizuri mkataba wako wa ajira kabla ya kuusaini, kwa sababu mingi inakuzuia kuondoka na wachezaji uliowaleta wewe mwenyewe. Rafiki yangu alitoka huko akiwa na ujuzi wote mnaoutaja hapa na bila mchezaji hata mmoja, akaanza pale pale nilipoanzia mimi.

#32 Karani wa Klabu
Alitoka na namba za simu za klabu, na zikipigwa zinapokelewa. Hakuanzia pale ulipoanzia wewe.

#33 Beki Mstaafu
Karani, hizo klabu zitapokea simu yake aseme nini, kama hana mchezaji? Msaka Njia, kabla ya kuandika barua za maombi nenda kaonane na wachezaji walioachwa na klabu msimu huu kwa sababu ya majeraha. Hao hawana mtu wa kuwasikiliza, na baadhi yao watarudi uwanjani.

#34 Mwenye Leseni
Na nani atalipia matibabu yao mpaka warudi?